Septemba Kwenye Majani Yaliyoungua

Ndugu msikilizaji, na hasa wewe jirani yangu wa Bertrams uliyewasha redio huku ukisubiri sufuria ichemke, maji uliyoyatia humo yametoka safari ndefu. Hapa Johannesburg maji ya bomba hutoka Bwawa la Vaal, na sehemu ya maji ya Vaal huanzia Lesotho, kwenye Bwawa la Katse ambalo ukuta wake una kimo cha mita 185. Kutoka Katse yanapita gizani chini ya milima, ndani ya mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 80, hadi yanapoibuka nje kidogo ya mji mdogo wa Clarens na kumwagika katika mto uitwao Ash. Mkataba wa kazi hiyo ulitiwa saini mwaka 1986, na maji yakaanza kuja 1998. Nimeanza na hilo kwa sababu kila ninapowashawishi watu wa mtaa huu twende tukaitazame milima ya Clarens, kuna mtu hunikata kauli: milima ile inatuhusu nini sisi wageni? Jibu langu liko humo sufuriani.

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya Hifadhi ya Taifa ya Golden Gate Highlands, iliyo katika milima hiyo, jimbo la Free State, kama kilomita 320 kutoka hapa, mpakani kabisa na Lesotho. Na ni juu ya mwezi wa Septemba, kwa sababu nina hoja moja tu ninayotaka kuitetea jioni hii: mwezi wa kwenda ni huu, mvua zikiwa bado hazijanyesha, mahali pote pakiwa pabaya kwa macho.

Kwanza niwape sura ya mahali penyewe. Hifadhi ilitangazwa Septemba 1963. Jina ni la zamani zaidi: inasimuliwa kwamba mwaka 1875 mkulima mmoja, Van Reenen, akiwa njiani kwenda shamba lake jipya, aliona jua la machweo likipiga majabali mawili yaliyosimama pande mbili za bonde kama miimo ya mlango, yakawaka dhahabu. Majabali yako pale mpaka leo na yanawaka vile vile. Mwanzoni eneo lilikuwa dogo, halikufika kilomita za mraba 50. Likaongezwa 1981, likaongezwa tena 1988, kisha likaunganishwa na iliyokuwa hifadhi ya QwaQwa, na sasa ni takriban kilomita za mraba 340. Serengeti ingeweza kulimeza mara arobaini. Vilele vyake vinapita mita 2,800.

Simba hakuna. Tembo hakuna, nyati hakuna, faru hakuna. Nalisema mapema ili asije mtu akanidai nauli yake.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna kiburi cha wanyama. Mtanzania akiambiwa habari za hifadhi ya Afrika Kusini hucheka kidogo, kana kwamba Ngorongoro ni shamba la babu yake. Ukimbana umuulize simba alimwona lini mara ya mwisho, wengi wetu ni yule wa noti ya elfu mbili. Mkenya naye atakutajia Mara, mahali alipopelekwa na basi la shule akiwa darasa la sita, kama alipelekwa. Simlaumu mtu, viingilio na nauli vina sababu zake. Ninachosema ni kwamba kiburi hiki kinatuharibia macho. Mtu anakwenda milimani akitafuta kitu kikubwa chenye meno, hakioni, anarudi akisema hakukuwa na kitu.

Sasa, Septemba. Hapa mtaani tunaijua kwa vumbi. Upepo wa Agosti umekwisha kupeperusha mifuko ya plastiki mpaka kwenye nyaya za umeme karibu na uwanja wa Ellis Park, mipichi ya uani imechanua, jakaranda bado inangoja Oktoba, na ndege waitwao hadeda wanatuamsha juu ya bati saa kumi na moja alfajiri kwa kelele za ugomvi wa ndoa. Baridi imelegea lakini mvua hazijaanza. Huko milimani ni hivyo hivyo, ila kwa ukali zaidi: tangu Mei hakujanyesha mvua ya maana, barafu imekausha kila jani, na kilomita kwa kilomita ardhi ni ya rangi ya mkate, au ni nyeusi.

Hiyo nyeusi ndiyo niliyoifuata. Mwisho wa kipupwe wahifadhi huchoma nyasi kwa makusudi, vipande kwa vipande, na kuna mioto mingine inayojiwasha au kuwashwa na mikono ya watu. Vipeperushi vya utalii havionyeshi picha za wakati huu. Vinaonyesha Januari, vilima vya kijani na mawingu meupe. Mgeni anayefika Septemba akaona mlima umeungua hudhani pametokea maafa. Hapajatokea maafa. Nyasi za huko, zile ambazo Waafrikaner huziita rooigras kwa wekundu wake, ndizo hizo hizo zinazotanda Serengeti na Mara, aina moja kabisa. Wataalamu huiita Themeda triandra. Ni nyasi zilizozoea moto. Jani la juu linateketea, chipukizi limekaa salama chini udongoni. Zisipochomwa wala kuliwa kwa miaka mingi, majani makavu hurundikana juu yake, jua halifiki shinani, na zinakufa zenyewe kwa kukosa mwanga. Kwa hiyo yule anayelia kwamba mlima umeungua analilia dawa.

Siku chache baada ya moto, hata bila mvua, unyevu uliobaki ardhini husukuma vichipukizi. Ukisimama kando ya barabara utaona weusi, lakini ukiinama usawa wa ardhi utaona kijani chembamba kimejaa pote. Wanyama hawahitaji kuinama ili wajue. Wanatoka kwenye majani marefu makavu yasiyo na lishe na kujaa pale pale penye kijani kipya, na kwa kuwa hakuna kichaka wala jani la kuwaficha, unawaona wote, kutoka kwato mpaka pembe, weupe wa tumbo la huyu na mkia wa yule. Januari wanyama wale wale wamezama katika nyasi za magotini, utaona migongo na masikio. Ndiyo hoja yangu nzima hiyo. Mengine ni ushahidi.

Anzieni kwa nyumbu mweusi. Nyumbu tunayemjua sisi, yule wa msafara mkubwa wa Serengeti anayevuka mto Mara huku mamba wakimsubiri, ni jamaa yake wa karibu, lakini huyu ni mtu mwingine. Ni mfupi, rangi ya kahawia iliyokolea, pembe zinashuka mbele ya uso kisha zinapinda kwenda juu kama usukani wa baiskeli, na mkia wake ni mweupe mrefu wa farasi. Hahami. Dume huchagua kipande chake cha ardhi akasimama hapo, akikusubiri umpite, akipiga kwato na kuruka ovyo bila sababu unayoweza kuifahamu. Kwa tabia hiyo pekee anastahili nauli. Lakini kuna jingine. Nyumbu weusi walijaa nyanda hizi za juu mpaka bunduki zilipofika. Walipigwa kwa ngozi, kwa nyama, na kwa sababu walikula majani ya kondoo, hata kufikia mwanzo wa karne ya 20 wakabaki mamia tu, wengi wao kwenye mashamba ya wakulima wachache walioamua kuwaacha waishi. Wote unaowaona leo, nao wamerudi kuwa maelfu mengi, ni kizazi cha mabaki yale. Septemba majike wana mimba pevu; watazaa Novemba na Desemba, karibu wote kwa pamoja.

Pamoja nao utaona blesboki, binamu wa kongoni na nyamera wetu, mwenye waa jeupe kuanzia paji la uso hadi puani. Utaona punda milia. Utaona pofu, na pofu ndiye mnyama wangu pale, simfichi. Dume lake laweza kupita kilo 700, lina kilemba cha nywele usoni na ngozi inayoning'inia shingoni, na bado linaruka ua bila kujishughulisha. Wasan walioishi milima hii kabla ya sisi sote kufika walimchora pofu kwenye mapango mara nyingi kuliko mnyama mwingine yeyote. Ukishamwona akipanda mteremko asubuhi, mwili ule wote bila kelele, huhitaji profesa akueleze kwa nini.

Pandisha macho sasa kwenye majabali, maana huko ndiko kwenye mambo.

Hadeda wa juu ya bati lako ni kwarara, wa jamii ya ndege wenye mdomo mrefu uliopinda. Ana ndugu milimani, kwarara mwenye upara: kichwa chekundu kisicho na nywele, mdomo mwekundu, manyoya meusi yanayong'aa kijani na zambarau. Dunia nzima anapatikana Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini tu. Yeye hutaga kwenye miamba, kati ya Julai na Oktoba, na hufurahia sana ardhi iliyoungua, kwa kuwa wadudu waliokaangwa na waliofukuliwa na moto wamelala wazi. Moja ya makao yake ya kuzalia ni pango kubwa liitwalo Cathedral Cave, ambamo maji yamechimba paa la jiwe mpaka likawa kama kuba. Uliza kwanza kwenye ofisi ya hifadhi kabla hujapanga kwenda huko, kwa sababu ndege wakiwa na makinda hawapaswi kusumbuliwa, na mwenye haki ya kwanza pale ni mwenye kiota.

Halafu tumbusi. Najua, kwetu tumbusi ni tusi. Mtu anayesubiri mirathi baba akiwa hai tunamwita hivyo. Lakini kuna tumbusi mwenye ndevu, na huyo nawaomba mmsikilize. Mabawa yake yakikunjuliwa yanapita mita mbili na nusu. Chini ya mdomo ana nywele nyeusi ngumu, ndizo ndevu zenyewe. Kifua chake kina rangi ya kutu, na ni kutu kweli: huoga kwenye matope yenye chuma mpaka manyoya meupe yakageuka rangi ya machungwa. Nyama huwaachia wengine. Chakula chake kikuu ni mifupa. Mdogo humeza mzima, tindikali ya tumbo ikauyeyusha. Mkubwa huuchukua juu angani na kuuangusha kwenye mwamba aliouchagua, akarudia na kurudia mpaka upasuke, kisha akashuka kula uboho. Kinda hujifunza kazi hiyo polepole, na hukosea shabaha vibaya sana.

Mbona Septemba? Kwa sababu tumbusi huyu hutaga katikati ya baridi, Mei hadi Julai, ili kinda likue wakati mizoga ni mingi, mwisho wa kipupwe, wanyama dhaifu wanapoanguka kwa njaa. Kwa hiyo mwezi huu wazazi wako kazini kutwa, wanapita na kurudi, na jabali lenye kiota linajulikana kwa chokaa ya mavi yao. Tumbusi wa Rasi, yule mkubwa wa rangi ya maziwa, naye ana kinda wakati huo huo.

Kusini mwa Afrika tumbusi mwenye ndevu amebaki kwenye milima ya Lesotho na kingo zake tu, na jozi zinazozaa zinakadiriwa kuwa karibu mia moja. Kenya nako alikuwa akizaa kwenye miamba ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, mahali ambapo leo watu hukodi baiskeli; akatoweka pale. Wanaomuua ni wengi: sumu anayotegewa bweha na wafugaji, nyaya za umeme, risasi zilizobaki ndani ya mizoga. Na kuna jambo la hapa hapa mjini ambalo si vizuri nilipite. Kwenye soko la dawa za asili la Faraday, si mbali na sisi, viungo vya tumbusi huuzwa, kwa imani kwamba ndege anayeona mzoga kutoka mbali namna ile atampa mtu uwezo wa kuona mambo kabla hayajatokea, ikiwemo namba za bahati nasibu. Nami nauliza tu: kama kichwa cha tumbusi kingeonyesha namba, muuzaji angekuwa bado anauza vichwa?

Ndani ya hifadhi kuna kibanda cha kuchungulia, na mbele yake huwekwa mizoga ili tumbusi wale chakula kisicho na sumu. Mzoga hauwekwi ovyo; ukiwa wa ng'ombe aliyedungwa dawa fulani za maumivu unaweza kuwaua. Dawa moja tu, diklofenaki, iliangamiza tumbusi wa Bara Hindi kwa mamilioni kabla watu hawajagundua chanzo. Ukaapo kibandani, zima simu na usitegemee kitu. Siku nyingine utaona kunguru tu wakigombana. Mimi nimekaa mle nikaangalia kunguru asubuhi nzima, na nikasema ningalikwenda kanisani ningalirudi na kitu. Siku nyingine kivuli kinapita juu ya kibanda, na watu wazima wenye watoto wanashikana mikono.

Madogo nayapitia haraka. Kwenye mabonde kuna mti mkongwe uliopindapinda, ouhout, unaotoa maua ya manjano-kijani mwezi huu, na kwenye mteremko kuna miprotea. Chozi dume, aliyekuwa wa kahawia miezi yote ya baridi, anavaa kijani kinachong'aa na kuanza kujigamba. Pimbi wanaanika matumbo juani. Juu zaidi kuna panya wa barafu, mwenye mkia mfupi na manyoya mazito, ambaye naye hutoka kuota jua kabla ya kufanya jambo lolote, tabia ninayoielewa vizuri. Na chini ya madaraja ya barabara wanaanza kufika mbayuwayu wenye michirizi kifuani, waliokaa miezi ya baridi Angola, Kongo na Tanzania. Wanachota matope na kujenga viota vyao vyenye mlango mrefu kama shingo ya mtungi. Sitawapeni hotuba ya ndege wasio na viza. Kila mtu wa redio ameshaitoa.

Msikilizaji, usidanganywe na neno la kuchipua ukaenda na fulana. Milima ile iko juu. Septemba 2024, tarehe 20 na 21, wakati huku mjini watu walikuwa wameshaanika mablanketi ya kuhifadhi, theluji nzito iliifunga barabara kuu ya N3 upande wa Harrismith, na wenye magari wakalala barabarani. Chukua koti, tena lile zito. Chukua na darubini. Mbovu ni bora kuliko kukosa. Kuna vijibarabara viwili vya kuzunguka kwa gari, kimoja kinaitwa Oribi na kingine Blesbok. Vipite mapema asubuhi, kisha uvirudie jioni, maana mwanga ukibadilika wanyama nao wamebadilisha upande.

Kuna kitu kingine ambacho si mnyama wa leo, lakini nikikiacha nitajilaumu. Mwaka 1976, mahali paitwapo Rooidraai, ndani ya hifadhi, mtafiti James Kitching wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alipata mayai yaliyogeuka jiwe. Yalikaa miaka mingi bila mtu kujua yalikuwa ya nani, mpaka mwaka 2005 wanasayansi walipotangaza kwamba ndani yake mlikuwa na vijusi vya dinosaria aitwaye Massospondylus, wa miaka kama milioni 190 iliyopita. Baadaye ikaonekana kwamba viota vilikuwa vingi na katika tabaka tofauti: majike walirudi mahali pale pale, msimu baada ya msimu, kutaga. Witwatersrand ni pale Braamfontein, unaweza kwenda kwa miguu kutoka Bertrams kama una nguvu. Nikisikia watu wakisema hifadhi ile ni changa, ya 1963, hunijia mayai yale.

Sasa nisizungumze kana kwamba milima ni ya wanyama tu. Ile sehemu ya mashariki, QwaQwa, ilikuwa ndani ya eneo ambalo serikali ya ubaguzi iliwasukumia Basotho na kuliita nchi yao, mpaka 1994. Watu waliishi pale na mifugo yao, na bado wapo wanaochunga ng'ombe na kondoo ndani ya mipaka ya hifadhi. Utakutana nao: kijana amejifunika blanketi, mbwa wawili, kengele ya ng'ombe. Mtalii hukasirika akiona ng'ombe katika darubini yake. Sioni sababu. Aliyetoka Ngorongoro anajua kwamba swali la mchungaji na hifadhi halina jibu la mkato, na aliyeng'olewa kwa ajili ya hifadhi halisahau. Moto nao unaingia hapo hapo: mchungaji anataka kijani mapema, mhifadhi anataka kukipanga, na kiberiti ni kile kile.

Na kuna majirani zangu wa Kongo, ambao katika mtaa huu na kule Yeoville ndio wengi wa wanaozungumza lugha yetu. Nilipoanza kuwaambia habari hizi, mzee mmoja wa Bukavu alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema: mwanangu, kwetu mbuga ya milimani ni mahali ambapo watu wenye bunduki hujificha. Alikuwa anazungumzia Kahuzi-Biega, na juu zaidi iko Virunga, iliyoundwa 1925, ya kwanza kabisa Afrika. Watu hawa wamekulia chini ya milima mizuri kuliko hii ya Free State, yenye sokwe na volkano, na hawajawahi kuipanda kwa raha yao. Sikuwa na la kumjibu mzee. Lakini alikuja. Alikaa kwenye jiwe, kofia magotini, akatazama nyani wakivuka mteremko uliochomwa, dume mbele, mama na watoto mgongoni, na akaniuliza kama kweli hapa mtu anaweza kutembea mpaka kule juu bila kuulizwa karatasi. Nikamwambia njia za miguu zipo na zina alama. Akavua koti akaenda.

Mimi mwenyewe ni mtu wa Nyanda za Juu Kusini, Makete, na nikisimama juu ya majani yale ya Golden Gate naikumbuka Kitulo, ile hifadhi iliyotangazwa 2005 ambayo watu wa kwetu huiita Bustani ya Mungu. Upepo ule ule, nyasi fupi, ardhi isiyo na mti. Tofauti ni kwamba Kitulo maua huja na mvua, kuanzia Novemba, na hapo sikatai: kwa Kitulo subiri mvua. Kila mlima una mwezi wake.

Mambo ya mfukoni na nimalize. Teksi za abiria za kwenda Phuthaditjhaba, mji wa QwaQwa, zipo, lakini zitakufikisha mjini, hazitakuzungusha kutazama wanyama, kwa hiyo njia ya busara ni watu wanne au watano kukodi gari na kugawana mafuta. Toka Bertrams alfajiri; ni mwendo wa karibu saa nne. Viingilio vimegawanywa madaraja matatu: raia na wakazi wenye kitambulisho cha Afrika Kusini, raia wa nchi za SADC, na wageni wa kimataifa, na tofauti kati ya daraja moja na jingine si ndogo. Mara nyingi Septemba kuna pia wiki ambayo raia wa hapa huingia bure kwa kitambulisho. Siyo yetu, ila inajaza kambi, kwa hiyo ulizia tarehe zake uziepuke. Mtanzania na Mkongomani wako SADC, mtaonyesha pasipoti na kulipa kiwango cha kati. Mwenye karatasi za ukimbizi apige simu aulize kabla hajafunga safari. Mkenya na Mganda, ndugu zangu, ninyi kwenye dirisha lile mnahesabiwa sawa na Mjerumani, kwa hiyo mkigawana gharama ndani ya gari msiache hesabu ya langoni ifanywe langoni, maana mabishano yake yanasikika mpaka juu ya jabali.